"Si utufungishe wewe mwenyewe?": Jibu kwa MC anayetaka kufungisha ndoa Australia

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Brisbane, na kwa miaka sita nimekuwa MC wa harusi za watu wetu hapa: Watanzania, Wakongo, Warundi. Kila mara maharusi huniambia, "Wewe unatujua, si utufungishe wewe mwenyewe kuliko kumleta mtu tusiyemfahamu?" Nimesikia nchi hii raia wa kawaida anaweza kupewa idhini ya kufungisha ndoa. Inahitaji nini, inalipa, na je, ninaweza kufungisha kwa Kiswahili?

Marahaba mwanangu. Umesikia sawasawa. Kwetu Tanga ukitaja ndoa ya serikali, mtu anaiona boma: benchi la mbao kibarazani, tangazo la siku 21 ubaoni, na karani anayeitazama saa ya ukutani kuliko anavyowatazama maharusi. Na Australia ilikuwa hivyohivyo hadi 1973. Asiyetaka kanisa alikwenda ofisi ya msajili, saa za kazi, akatoka na karatasi yake. Mwaka huo Lionel Murphy, Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam, alitumia kifungu kilichokuwamo tayari katika Sheria ya Ndoa ya 1961 kuteua watu wasio wa dini wala wa ofisi ya msajili. Wa kwanza kuteuliwa, Julai 1973, alikuwa Lois D'Arcy, mwanamke kijana wa Queensland, jimbo hilohilo unaloishi. Leo zaidi ya robo tatu ya ndoa za Australia zinafungishwa na watu kama sisi, wafungishaji wa kiraia.

Njia ya kufika huko haina siri. Unasoma kozi ya cheti cha ngazi ya nne ya ufungishaji katika chuo kilichosajiliwa, halafu unaomba kwa Idara ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wataangalia rekodi yako ya jinai, watakupima unavyoijua sheria ya ndoa, watauliza unaheshimika vipi katika jamii, na watataka kujua biashara zako nyingine ili waone kama kuna mgongano wa maslahi. Hapo taja kila kitu: uMC, kukodisha spika, mpaka shemeji yako mwenye ukumbi ikiwa unapata chochote kwake. Ukishasajiliwa kuna ada ya kila mwaka, ambayo kwa muda mrefu imekuwa dola 240, na mafunzo ya lazima kila mwaka. Usiyakwepe, maana kuna waliofutwa kwa jambo dogo kama hilo.

Inalipa? Mwaka 2023 nchi nzima ilisajili ndoa 118,439. Zigawe kwa maelfu ya wafungishaji tuliopo, uone unabaki na ngapi. Wengi wetu tuna kazi nyingine za kulipia nyumba. Usiache kazi.

Kuhusu kazi yenyewe, naona swali lako limetoka kwenye maiki. Wewe unaijua siku ya harusi: mlango unafunguliwa, vigelegele, unaingiza utani wa mashemeji, ukumbi unacheka. Hiyo sehemu utaiweza hata umelala. Ila ndoa yenyewe inafungwa au inaharibika wiki nyingi kabla, mezani, kukiwa na kikombe cha chai na karatasi.

Karatasi ya kwanza ni taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Wafungishaji tunaiita NOIM. Lazima iwe mikononi mwako mwezi mmoja kamili kabla ya harusi, na isizidi miezi 18. Mwezi mmoja si wiki nne. Ukiipokea tarehe 5 Machi, ndoa ya mapema kabisa ni tarehe 5 Aprili. Watu wetu wanakata keki kichwani kabla hawajajaza fomu. Nimepigiwa simu Jumatatu na mama wa bwana harusi: ukumbi umelipwa, mbuzi watatu wamelipwa, wajomba wameshatua kutoka Kanada, na harusi ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Fomu? "Fomu gani tena, mwanangu?" Huna mamlaka ya kupunguza huo mwezi, hata wakikupigia magoti. Kuna maofisa maalumu wanaoweza, na wanakubali sababu za aina tano tu: kazi au safari, maandalizi ya harusi yenyewe, ugonjwa, kesi mahakamani, au kosa lililotokea katika kutoa taarifa. Wewe unawaandalia vielelezo na kuwaelekeza. Uamuzi si wako, na usiwaahidi.

Mchumba akiwa bado Bujumbura au Dar, wa hapa anaweza kutia saini peke yake na siku zikaanza kuhesabiwa. Mwenzake atatia saini akifika, kabla ya ndoa. Jambo hili limewaokoa wengi wanaokuja kwa viza ya uchumba, ambayo haingojei mtu.

Halafu vitambulisho. Pasipoti inatosha kuonyesha ulizaliwa wapi na lini. Asiye na pasipoti wala cheti cha kuzaliwa, na ambaye kukipata haiwezekani, anaruhusiwa kuandika tamko la kisheria. Utakutana na Januari mosi mpaka uzoee. Ofisa wa kambi ya wakimbizi hakuwa na tarehe, mtu akasema "wakati wa mvua", ikaandikwa 01/01. Niliwahi kufungisha ndoa ambayo bwana, bibi na shahidi mmoja wote walizaliwa tarehe hiyo kwa mujibu wa hati zao. Usicheke mbele yao, na usijitie kusahihisha. Andika kilichomo kwenye hati, herufi kwa herufi. Jina likiwa na "y" kwenye pasipoti na "i" kwenye hati ya talaka, ulizia sasa, kabla msajili hajakurudishia.

Sasa tufike panapouma. Fomu inauliza hali ya ndoa ya kila mmoja: hajawahi kufunga ndoa halali, mjane, au ametalikiwa. Mwenyeji wa hapa anajaza sekunde mbili. Mtu wetu anakutazama. Maana ukimuuliza Mkongo aliyekaa kambini Nyarugusu miaka kumi na tano "uliwahi kuoa?", swali hilo lina majibu manne. Alitoa mahari lakini hawakwenda kanisani. Walikwenda kanisani kambini lakini hakuna cheti. Walifunga kwa mila, yeye akakimbilia Kigoma, mke akabaki ng'ambo ya ziwa, na tangu hapo hakuna habari. Au wale wawili walioketi mbele yako ndio hao hao waliooana kambini, wana watoto wanne, na kwenye faili la uhamiaji wameandikwa mume na mke. Wanachotaka ni gauni jeupe tu na picha ambazo vita viliwanyima.

Kwa hao wa mwisho utatamani kusema ndiyo. Lakini kama ndoa ya kwanza ni halali, na Australia inatambua ndoa nyingi zilizofungwa nje, hawawezi kuoana tena kisheria. Unaweza kuwafanyia sherehe ya kurudia ahadi zao, gauni, keki na machozi yote. Huwezi kuwajazia fomu, huwezi kuwapa cheti. Waeleze hivyo mapema, na waeleze mbele ya yule mjomba mwenye sauti kubwa, kwa sababu ndiye atakayesema siku ya harusi, "Mbona hawatii saini?"

Na yule ambaye mke alibaki ng'ambo ya ziwa, usimpokee kama "mjane" kwa kuwa tu amesema hivyo na unamwonea huruma. Utahitaji kuona cheti cha kifo au hati ya talaka. Asipokuwa nacho, mpeleke kwa mwanasheria. Vituo vya msaada wa kisheria vipo. Mahakama ya hapa inaweza kutoa talaka hata kama mwenzake hajulikani aliko, ikiridhika kwamba alitafutwa. Talaka ikitolewa, haikamiliki hadi upite mwezi mmoja na siku moja. Hapo ndipo aanze kufikiria ukumbi.

Hapa ndipo utakapogundua ugumu wako, ambao mfungishaji asiyewajua hana. Yeye anamwambia mteja "samahani, haiwezekani" na anakwenda zake nyumbani. Wewe utakutana na huyo mteja msibani, dukani kwa muuza dagaa, kwenye kikao cha jamii. Watasema umekuwa Mzungu. Mimi nimeambiwa hivyo, na aliyeniambia nilikuwa nimemfungisha mdogo wake mwaka uliotangulia.

Kuna jambo jingine ambalo kujuana kwetu kunalikuza. Tangu Juni 2024 sheria inamlazimu mfungishaji kukutana na kila mmoja wa maharusi peke yake kabla ya ndoa. Wengine tulifanya hivyo siku zote. Kumlazimisha mtu kuolewa au kuoa ni kosa la jinai hapa tangu 2013, na wewe ndiye mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kuuliza.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Wamekuja watatu: bwana harusi, binti, na shangazi wa binti. Namuuliza binti amemfahamu mwenzake muda gani. Shangazi anajibu, "Miaka miwili." Nauliza unafanya kazi wapi, mwanangu? Shangazi: "Yuko kwenye mambo ya kulea wazee." Binti anaangalia zipu ya pochi yake, anaifungua nusu, anaifunga. Kwetu hiyo ni heshima tu: mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Inaweza kuwa heshima. Inaweza kuwa kitu kingine, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo nikamwambia shangazi, "Dada, nisaidie, chai iko jikoni, na bwana harusi ataonyeshwa mahali pa kuegesha gari vizuri." Nikafunga mlango. Nikauliza kwa Kiswahili, polepole: hii ndoa, ni wewe unayeitaka? Usiulize "unampenda?", kwa sababu binti wa kwetu atacheka na kufunika mdomo, na kicheko si jibu. Yule aliinua uso akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemtongoza." Tulicheka mpaka shangazi akagonga mlango.

Siku nyingine jibu halikuwa hilo, na harusi haikufungwa. Sitasema zaidi kuhusu hiyo. Ila ujue kwamba wakati huo hutatangaza sababu kwa mtu yeyote. Utasema karatasi hazijatimia, utabeba lawama wewe, na utamsaidia mhusika kupata watu wanaojua kumlinda.

Nimefurahi umeuliza kuhusu Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo una kitu ambacho wengi hawana. Ndiyo, ahadi zinaweza kusemwa kwa Kiswahili. Ukilazimika kutumia mkalimani kwa lugha usiyoijua, Kirundi au Kinyarwanda tuseme, mkalimani anaandika tamko la kisheria kabla ya ndoa na kutoa cheti baadaye kwamba ametafsiri kwa uaminifu, na hawezi kuwa bwana au bibi harusi. Lakini kuna maneno ambayo sheria imeyapanga, na hayo hayachezewi. Kwanza wewe unatamka kwamba una idhini ya kisheria, unawakumbusha uzito wa wanachokiingia, na unasema kwamba ndoa kwa sheria ya Australia ni muungano wa watu wawili, pasipo wengine wote, unaoingiwa kwa hiari kwa maisha yao yote. "Watu wawili" limo humo tangu Desemba 2017. Mfungishaji wa kiraia hakatai maharusi kwa sababu ni wanaume wawili au wanawake wawili. Anayesajiliwa leo hana mlango huo wa kukataa. Najua tulikotoka. Jiulize hilo kabla ya kulipa ada ya kozi.

Kisha wao wanasema, kila mmoja kwa zamu, maneno yenye maana hii: nawaomba mlio hapa mshuhudie kwamba mimi, fulani, ninakuchukua wewe, fulani, kuwa mke wangu halali, au mume wangu halali. Sasa jaribu kuyaweka kwa Kiswahili cha nyumbani uone. Kwetu mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Bibi harusi akisema "ninakuoa" ukumbi mzima utapasuka kwa kicheko, na akisema "ninaolewa nawe" amejiweka mahali ambapo sheria haikumweka, kwa maana hapa wote wawili wanatenda tendo moja. Mimi natumia "ninakupokea" au "ninakuchukua" kwa wote. Halafu kuna Wakongo. Mtu wa Bukavu anamwita mkewe "bibi yangu". Mara ya kwanza bwana harusi alipotamka kwa sauti nzito kwamba anampokea huyu awe bibi yake, meza ya Watanzania ilidhani anaoa nyanya yake. Siku hizi nakaa na maharusi wiki mbili kabla, tunaandika Kiswahili chao wenyewe, cha Uvira kikae cha Uvira, na tunapima neno kwa neno kama maana ya sheria imebaki.

Kosa langu la aibu lilitokea hapo. Mwaka wangu wa tatu nilimpa bwana harusi, mshairi wa kweli, uhuru wa kuandika ahadi zake. Akaimba shairi, mizani imetimia, vina vya kati na vya mwisho. Watu walilia, mimi nililia. Tukaenda mezani kutia saini, kalamu ikiwa mkononi mwa bibi harusi, nikahisi kitu kimekatika tumboni: katika beti zote zile hakuna mahali alipowaita watu kushuhudia, wala alipotamka kwamba anamchukua awe mke wake. Alikuwa amemfananisha na jahazi, lulu na mvua za vuli. Nikasimama, nikawaomba wageni radhi, nikawarudisha mbele wote wawili, na nikamwomba aseme tena kwa nathari. Tangu siku hiyo maneno ya sheria yanakuwa kwenye kadi yangu. Mshairi anaongeza yake kabla au baada.

Mashahidi ni wawili, kila mmoja awe ametimiza miaka 18, wawepo kweli na waelewe kinachofanyika. Usikubali shahidi anayepiga picha akiwa nje ya ukumbi. Vyeti vinatiwa saini na wote watano: maharusi, mashahidi, wewe. Kimoja chenye urembo wanakichukua hapohapo, na wengi hudhani ndicho cha mwisho. Waambie kwamba cheti rasmi, kile cha kupeleka pasipoti na uhamiaji, kinaombwa kwa msajili wa vizazi, vifo na ndoa wa jimbo, baada ya wewe kuwasilisha karatasi. Una siku 14 za kufanya hivyo. Mimi hufanya Jumatatu asubuhi, kabla sijasahau na kabla mchuzi wa harusi haujamwagika kwenye bahasha.

Nisisahau saa. Sheria inaruhusu ndoa siku yoyote, saa yoyote, mahali popote, na nadhani aliyeandika hivyo alijua maharusi wetu wapo njiani. Kwenye mkataba wako andika saa ya kuanza kwa namna ambayo hata mjomba wa Ujiji na mpiga picha wa Ipswich wataelewa kitu kimoja. Niliwahi kuandika "saa 8" kwenye ujumbe wa simu, nikimaanisha saa nane mchana. Mpambaji alifika saa mbili asubuhi na maua yake, akakaa ndani ya gari mpaka yakaanza kunyauka. Na weka bei ya kusubiri. Nusu saa ya kwanza ni upendo, zinazofuata wanalipa.

Kuhusu wale wanaokuambia "tufungishe tu, karatasi zitafuata": mpaka usajiliwe, hilo ni kosa la jinai kwako. Ukitaka kuanza kujifunza kabla ya kozi, nina harusi Logan mwezi wa kumi na moja, bibi wa Kigoma na bwana wa Uvira. Njoo unishikie spika. Uje na kalamu mbili za wino mweusi zinazoandika, maana mwaka jana mashahidi wangu walitia saini kwa ya kuazima kutoka kwa mpishi.